Maswali yenu: mabasi ya zamani ya Uskoti kwenye reli ya mezani

Toka tutoe picha ya mtaa wangu mdogo wa Glasgow, ule wenye mabasi ya ghorofa chini na treni inapita juu darajani, meseji zimekuwa nyingi mno, kwa hiyo safari hii safu nzima ni ya hilo tu. Kwa anayeingia leo, tunaongelea zile treni ndogo za umeme zinazotembea mezani, na pembeni yake mtu anajenga mji wenyewe, nyumba, barabara, maduka, watu, na kwangu mimi mabasi ya Uskoti ya miaka ya 50 na 60 ndo roho ya kazi yote. Naishi hukuhuku Glasgow, vitu vingi naweza kwenda kuviangalia kwa macho, basi tuanze.

Shikamoo anko. Mi niko Morogoro, nakaa chumba na sebule, nafasi ndo hiyo. Nataka kuanza mtaa kama wako. Kuna jamaa sokoni anauza vibasi vya kuchezea bei poa sana, nichukue? Na nianzie wapi? – Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba mwanangu. Usitoe hela bado. Kitu cha kwanza ni skeli, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara ngapi, na kwa mambo ya Uingereza na Uskoti skeli inayotawala ni OO, moja kwa 76, ambayo hesabu yake ni rahisi kabisa: kila futi moja ya kweli inakuwa milimita 4 mezani. Basi la ghorofa la futi 30 linakuwa milimita 120, upana wake wa futi 8 unakuwa milimita 32, kwa hiyo linakaa kiganjani vizuri tu. Vile vya sokoni vingi havikutengenezwa kwa skeli yoyote, vilitengenezwa vitoshe kwenye boksi lake, lori na baiskeli vyote saizi moja, ukikiweka kimoja karibu na treni ya OO dereva wake anakuwa jitu na jicho linakataa hapohapo hata kama mtazamaji hajui kwa nini. Angalia chini ya basi, likiwa limeandikwa 1:76 chukua. Kampuni ya EFE ilianza kutoa mabasi madogo ya skeli hiyo mwaka 1989, Corgi nao wakafuata, na kwa gari ndogo na malori kuna Oxford Diecast. Vilivyotumika vinapatikana kwa bei ya chini sana kuliko vipya na mara nyingi ni vizuri tu, kasoro ni dirisha limetoka au kioo cha pembeni kimevunjika.

Jihadhari na HO pia. Ile ni moja kwa 87, na inachanganya watu kwa sababu reli yake ni ileile ya milimita 16.5 kama ya OO, treni zote zinapita, lakini basi la HO likisimama na basi la OO moja linaonekana mtoto wa mwenzake.

Kuhusu nafasi, wala usihangaike na duara. Duara la OO linataka ubao wa karibu mita moja upana, na hapo ndo kwanza reli imegeuka tu, mtaa hauna pa kukaa. Tafuta ubao wa mita 1.2 kwa sentimita 40, kama rafu. Reli iweke nyuma, juu ya daraja refu la matao, ikitokea kushoto nyuma ya nyumba na kupotelea kulia nyuma ya nyumba nyingine, mbele yake barabara na maduka. Treni inaenda na kurudi, na kuna kontrola, yaani kifaa cha kuipa treni umeme na kuiendesha, zinazoirudisha zenyewe. Kontrola ya Uingereza inakuja na plagi ya miguu mitatu bapa kama hizo mlizonazo ukutani, haihitaji adapta, na reli yenyewe inapokea volti 12 tu.

Ila kabla ya ubao, kabla ya basi, chukua karatasi uandike vitu viwili: mtaa gani, mwaka gani. Nasisitiza hili kuliko kitu kingine chochote nitakachosema leo. Ukishaandika Glasgow 1962, kila swali litakalokuja linajijibu lenyewe, basi rangi gani, taa gani, nyumba nyeusi au safi, tramu, yaani treni ya barabarani, ipo au haipo. Asiyeandika ananunua kila anachokiona na baada ya muda ana kabati la vitu vizuri visivyojuana.

Habari kaka. Baba mkwe wangu alikuwa dereva wa basi huku Uskoti, Mungu amrehemu, katuachia mabasi ya 1:76 masanduku mawili. Kuna kijani, bluu, njano, nyekundu, mengine yana kijani na krimu na rangi ya chungwa kwa pamoja. Wanangu wanataka yote yakae kwenye mtaa mmoja. Inawezekana? – Mama watatu, Aberdeen

Pole sana dada kwa msiba, na hongera kwa kuyatunza. Yote kwa pamoja hapana, lakini hakuna hata moja litakalobaki sandukuni, nisikilize.

Rangi ya basi Uskoti ilikuwa inakwambia uko wapi. Miji mikubwa minne ilikuwa na mabasi yake ya halmashauri: Glasgow kijani, krimu na chungwa, Edinburgh ule wekundu wa damu ya mzee na nyeupe ambao mpaka leo wanao, Dundee kijani kizito, Aberdeen kwenu hapo kijani na krimu. Nje ya miji na kati ya mji na mji ndo kulikuwa na makampuni, na kubwa lao lilikuwa la Walter Alexander, lenye makao Falkirk, ambalo mwaka 1961 liligawanywa vipande vitatu: Fife wakachukua rangi nyekundu, Midland wakabaki na bluu, Northern wakavaa njano na krimu. Halafu kusini magharibi kulikuwa na Western SMT wa Kilmarnock, na Central SMT wa Motherwell, wote hao nyekundu. Na ukikuta dogo lenye nyekundu, kijani na krimu kwa pamoja ni la David MacBrayne, hao walikuwa na meli za visiwani na mabasi yao yalikuwa yanasubiri meli ifike ndo yaondoke, abiria na mifuko ya barua humohumo.

Kwa hiyo gawa sanduku kwa miji, sio kwa uzuri. Njano ya Northern na kijani cha halmashauri vinakaa pamoja kwenye mtaa wa Aberdeen, nyumba za graniti ya kijivu kama unazoziona dirishani kwako, mwaka wowote kuanzia 1962 hivi. Hapo usiweke tramu, maana tramu za Aberdeen ziliondoka Mei 1958 na njano ya Northern ilikuwa bado haijazaliwa. Bluu ya Midland, nyekundu ya Central na ya Western, na yale ya kijani, krimu na chungwa, hayo yote yanakutana Glasgow bila kudanganya mtu. MacBrayne mpe gati dogo, ukuta wa mawe, kibanda cha tiketi na mbao za gati, sentimita 40 zinatosha, na ukitaka treni ifike hapo pia ni sawa kabisa kwa sababu Oban, Mallaig na Kyle of Lochalsh treni ilikuwa inaishia kwenye maji.

Wanao ni watatu, mpe kila mmoja mji wake kwenye ubao wake, na mbao zote zitengenezwe kwa urefu na kimo kimoja ili reli ziungane siku mkitaka. Ila usiruhusu msongamano! Mtaa wa mita 1.2 unabeba mabasi matatu, manne ni mengi. Mengine yanasubiri zamu, wiki hii haya wiki ijayo yale, na yenyewe ni raha.

Na kabla mtoto hajakupaka rangi basi lolote la babu, angalia namba zake. Wale waliotengeneza wameandika namba za kweli. Herufi GD, GE, US au YS zinakwambia Glasgow, SF, WS au FS Edinburgh, RG na RS Aberdeen, TS Dundee, MS na WG ni Stirling, ndo walikosajili Alexander. Inawezekana kabisa alikuwa anatafuta gari alizowahi kuendesha mwenyewe, hasa kama kuna mbili tatu za gereji moja. Siku moja wapeleke watoto Lathalmond karibu na Dunfermline, kuna makumbusho ya mabasi ya zamani ya Uskoti kwenye eneo lililokuwa stoo ya jeshi la majini, mtayaona makubwa yenyewe, na siku maalumu unapanda.

Assalaam alaykum. Niko Mombasa, nimejaribu kujenga zile gorofa za Glasgow kwa kadibodi, zimepinda zote kama makuti. Na nilizipaka rangi ya tofali. Nimekosea wapi? – Fundi seremala, Mombasa

Waalaykum salaam fundi. Mambo mawili tofauti, tuanze na kupinda. Kadibodi inakunywa unyevu, na Mombasa unyevu haupumziki. Ukipaka upande mmoja tu, ule upande ukikauka unajivuta na ukuta unakunjika. Paka vanishi pande zote mbili kabla ya rangi, na kingo usizisahau maana ndo mdomo unaonywea maji, halafu ndani gundisha mbao nyembamba au vipande vya kadibodi vilivyosimama kwa ubavu, kila ghorofa kimoja, nyumba iwe na sakafu zake kama nyumba. Wewe ni seremala hii unaiweza kuliko mimi. Plaiwudi ya chini nayo ipige vanishi chini na juu, na reli nunua ya shaba nyeupe, ile ya chuma cha zamani kwa hewa ya pwani inashika kutu.

Sasa rangi. Zile nyumba mbele yake sio tofali, ni jiwe la mchanga lililochongwa. Kuna la rangi ya asali hafifu na kuna jekundu, la jekundu lilikuwa likitoka Locharbriggs kule Dumfries, na wekundu wake una upinki ndani yake sio uchungwa kama tofali. Tofali unalikuta nyuma ya nyumba, uani. Na kama umechagua miaka ya 50 au mwanzo wa 60, jiwe lote hilo lilikuwa limeshapigwa moshi wa makaa ya mawe wa miaka na miaka, nyumba zilikuwa nyeusi. Sheria ya hewa safi ilipita 1956 lakini kuta zilikuja kusafishwa baadaye sana, kwa hiyo ile Glasgow ya nyumba zinazong'aa unayoiona kwenye picha za utalii ukiiweka nyuma ya basi la 1955 inakuwa uongo.

Namna ninavyofanya mimi ni hivi. Ghorofa moja nahesabu futi 11, milimita 44, ziko nne kwa hiyo ukuta hadi paa ni milimita 176. Nakata madirisha kwanza, ukuta bado ni sehemu ya karatasi kubwa, maana ukishaukata ukuta unatingishika na wembe unaruka. Dirisha ni milimita 15 kwa 26, jembamba na refu, sio pana, hapa watu wengi wanaharibu. Wembe mpya, rula ya chuma, unapita taratibu mara nne tano usilazimishe. Juu ya kadibodi ngumu nagundisha kadi ya boksi la siriali, na kwenye hiyo kadi nachora mistari ya mawe kwa kalamu ya bic iliyoisha wino, ukibonyeza inaacha mfereji, safu ya jiwe milimita 4 hivi. Mfereji huo ndo unashika rangi nyeusi baadaye na jiwe linatokeza lenyewe, hakuna printa itakayokupa hiyo. Napaka rangi ya jiwe, ikikauka napaka nyeusi iliyoyeyushwa maji mengi mpaka inakuwa kama chai ya rangi, naifuta kwa kitambaa kutoka juu kwenda chini mahali mvua inapopita, na chini ya kizingiti cha kila dirisha naiacha nzito, kwa sababu mvua haifiki pale na masizi yanabaki. Fanya hilo la vizingiti hata kama mengine yote utayaruka.

Kioo ni ile plastiki ang'avu ya boksi la shati jipya. Dirisha lina vipande viwili, cha juu na cha chini, mstari mweupe katikati. Kila mlango wa pamoja, unaoitwa close, ni uwazi tu wa milimita 16 usiokuwa na mlango, giza ndani, mtu anaingia anapanda ngazi kwenda kwao. Chini maduka. Juu paa la mawe bapa ya kijivu cheusi, na mabomba ya moshi, hayo usiyahesabie chini, kila chumba kilikuwa na moto wake kwa hiyo yanajipanga manane, kumi, kwenye ukuta mmoja wa juu. Vijiti vya pamba za masikio vilivyokatwa milimita 8 vinafaa sana.

Kama reli yako inapita nyuma ya nyumba, tengeneza ua wa nyuma ndo uwatazame abiria: kamba za nguo, vibanda vya kufulia, mapipa. Treni nyingi za mjini zilipita migongoni mwa nyumba za watu na abiria walichoona ni hicho.

Mzee mabasi yanaweza kutembea kweli au yamesimama tu? – Msomaji, Kigoma

Yanaweza. Kampuni ya Faller ya Ujerumani inao mfumo toka 1989, unafukia waya wa chuma chini ya lami, basi lina mota na betri, na ekseli ya mbele ina sumaku inayofuata waya. Wao wanatengeneza HO lakini watu wanahamishia kwenye mabasi ya OO. Ushauri wangu usianze nalo. Barabara ya kona inakula nafasi, na basi linalotembea bila kusimama kituoni linachosha kulitazama. Basi lililosimama kituoni, abiria wamepanga foleni, mmoja mguu uko juu ya ngazi, na treni inapita nyuma, jicho linaridhika kabisa. Kuna mbinu moja: mwisho wa mtaa, kule nyuma kabisa, weka basi la skeli ya N, moja kwa 148, na nyumba za mwisho zipunguze kidogokidogo. Mtaa wa sentimita 40 unaonekana kama unaenda nusu maili.

Sasa mkubwa, mi ni damu ya KBS, mzee wangu alikuwa konda Nairobi. Hivi kuna namna yoyote naweza kuingiza chetu kwenye mtaa wa Glasgow bila kuudanganya? – Msomaji, Eastlands

Ipo, na ni nzuri sana kuliko unavyodhani. KBS, yaani Kenya Bus Service, ile ya Stagecoach unayoikumbuka ni kweli ina mzizi wa Uskoti, Stagecoach yenyewe ni kampuni ya mabasi iliyoanzishwa Perth mwaka 1980 na Brian Souter na dada yake Ann Gloag, ikaingia Kenya 1991 ikatoka 1998, na baadhi ya yale mabasi ya ghorofa ya Dennis Dragon yalipandishwa meli yakaja kufanya kazi Manchester. Lakini hiyo ni Manchester ya mwisho wa miaka ya 90, kwa mtaa wa miaka ya 50 haina nafasi.

Chetu cha miaka ya 50 ni injini. Pale Springburn, kaskazini mwa Glasgow, kulikuwa na North British Locomotive Company, iliundwa 1903 na kufungwa 1962, na injini nyingi za reli ya Afrika Mashariki zilitoka pale, zikiwemo za klasi ya 29 zilizopewa majina ya makabila na klasi ya 30 za 1955 na 1956. Ile 3020 Nyaturu iliyopo makumbusho ya reli Nairobi, yenye jina la Wanyaturu wa Singida, ni ya pale. Sasa fikiria: reli yetu ni ya mita moja, ya kwao ni milimita 1,435, injini ya kwenda ng'ambo haiwezi kutembea kwenye reli ya Uingereza kwenda bandarini. Injini kama hizo zilikuwa zinapandishwa kwenye trela kubwa la magurudumu mengi na kuvutwa polepole katikati ya barabara za Glasgow, tramu zinasubiri, watoto pembeni, mpaka Finnieston kwenye ile winchi kubwa ya tani 175 iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 30 na ambayo mpaka leo imesimama pale mtoni. Injini ya Afrika Mashariki barabarani Glasgow, katikati ya mabasi. Huo sio uongo hata kidogo.

Na kwa kuwa iko juu ya trela haihitaji mota wala reli, unaweza kuijenga kwa plastiki na kadibodi tu. Ila sasa mwaka wako unakuwa 1955, hapo ndo uwe mkali na nafsi yako. Atlantean, yale mabasi ya injini nyuma, yanatoka mezani, la kwanza la Glasgow lilikuja 1958. Treni za umeme za bluu zinatoka, zilianza Novemba 1960. Mabasi yawe ya pua mbele, dereva kwenye kibanda chake, mlango wa nyuma wazi bila mlango, konda ngazini kama mzee wako. Tramu zinabaki, za mwisho zilikatika Septemba 1962, na mabasi ya nyaya, yale yanayochukua umeme kwenye nyaya za juu, yapo pia, Glasgow waliyaanzisha 1949. Kama unataka daraja la kufunga mtaa kwa nyuma, tafuta picha za daraja la stesheni ya Central juu ya Argyle Street, lina vioo vikubwa pembeni na maduka chini yake, watu wa kaskazini waliohamia mjini walikuwa wanakutana pale wakikwepa mvua, wenyewe wanaliita Hielanman's Umbrella. Treni juu, tramu na mabasi chini. Sijaona mahali pengine Uskoti panapotosha kwenye ubao vizuri namna hiyo.

Salaam kutoka Muscat. Barabara ya mawe na reli ya tramu ndani yake unaipataje? Yangu treni zinaruka nje. – Msomaji, Muscat

Kuruka nje ni kwa sababu umejaza mpaka ndani ya njia ya gurudumu. Laza reli ya kawaida kwanza, iunganishe umeme, ipime mpaka uridhike, ndo uanze kujaza. Udongo wa kufinyangia unaokauka wenyewe unafaa. Nje ya reli jaza mpaka karibu na kichwa cha reli lakini chini yake kidogo sana, ili ukija kusafisha reli usipige msasa barabara yako. Ndani ya reli, ukiwa bado mbichi, burura behewa lenye gurudumu la zamani, yale yana kingo nene, litachimba mfereji wake lenyewe, kisha usafishe mfereji huo kwa kijiti na usiuguse tena. Udongo ukishakuwa mgumu kama ngozi chora mawe: safu zinakatiza barabara kutoka ukingo hadi ukingo, hazifuati barabara, kila jiwe milimita 1.5 kwa 3 hivi. Rangi ni kijivu cha bluu chenye kahawia, nyeusi usitumie peke yake, na katikati ya njia mstari hafifu wa oili.

Kwa nyaya za juu, tramu inatosha waya mmoja kwa sababu umeme unarudi kupitia reli, basi la nyaya lazima ziwe mbili. Mtu anayejua anaangalia hapo kwanza.

Na kwa kuwa wewe ni wa reli, kuna jambo la Glasgow utalipenda. Tramu zao zilikuwa na upana wa futi 4 na inchi 7 na robo tatu, robo tatu ya inchi pungufu ya reli ya kawaida, na ilifanywa makusudi: mabehewa ya mizigo yaweze kutembea kwenye mifereji ya tramu kwa kingo za magurudumu yake. Govan walifanya hivyo kweli, mabehewa yalikuwa yanavutwa barabarani kwenda kiwanda cha meli cha Fairfield. Kwa hiyo behewa la makaa likikutana na basi katikati ya mtaa kwako, sawa kabisa.

Nimeshamaliza nyumba na barabara, Glasgow 1962. Mtaa unaonekana mtupu na bado hauonekani wa Uskoti, ungeweza kuwa London. Niongeze nini? – Binti, Dar es Salaam

Hongera sana, umefika mbali. Anza na sanduku la posta. Ya Uingereza baada ya 1952 yana alama ya EIIR, yaani Malkia Elizabeth wa Pili, ya Uskoti hayana, yana taji la Uskoti tu, maana Elizabeth wa Kwanza hakuwa malkia wa Uskoti na watu walikasirika kuona namba mbili. Lile la mtaa wa Inch kule Edinburgh lililipuliwa kabisa Februari 1953. Vibanda vya simu vyekundu vya baadaye navyo vina taji hilohilo. Stesheni yako ibadilishe mabango, kanda ya Uskoti ya British Railways ilitumia bluu hafifu. Pleti za mabasi zote nyeusi, herufi nyeupe au fedha. Njano na nyeupe zinazoakisi mwanga zilikuja kuruhusiwa 1968. Punguza gari ndogo, wengi walipanda basi, kwa hiyo foleni ya kituoni iwe ndefu na barabara iwe wazi, hapo huo utupu unaousema utaona unakuwa sawa.

Watu wavishe makoti mazito na rangi zilizofifia, kijivu, kahawia, bluu ya usiku, na wasitembee wote, wawili watatu wasimame mlangoni kwenye close wanaongea. Halafu polisi mmoja kwenye makutano. Kofia ya polisi wa Glasgow ilikuwa na mkanda wa miraba myeusi na myeupe toka 1932, enzi za mkuu wao Percy Sillitoe, huo mkanda baadaye ukaenea nchi nyingi lakini mwaka 1962 bado ni alama ya Uskoti. Kichwa cha mtu wa OO ni milimita 3 tu, miraba hautaiweza kwa brashi, usijitese: paka mkanda mweusi, ukikauka weka nukta nyeupe kwa ncha ya sindano, nne mbele zinatosha, nyuma hakuna anayeona.